Mashine ya Kunyonya Kidonda: Tuipime Kabla Hatujauza Ng'ombe

(Hii ni hotuba niliyoitoa Kisumu mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii, wagonjwa na jamaa zao. Waliokosa kufika wameiomba, basi naiweka yote hapa. Picha za ukutani nimeziacha; nyingine hazitazamiki kabla ya chakula.)

Wazee wetu, mama zetu, wahamasishaji wa afya ya jamii, wauguzi wenzangu, nanyi mliokuja na bendeji mguuni: hamjambo? Oyawore. Itifaki imezingatiwa, na mwenyekiti amekwisha nionyesha saa yake, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kuna swali ninaloulizwa wodini, ninaloulizwa kanisani, ninaloulizwa hata nikiwa juu ya boda boda narudi nyumbani. "Sista, hiyo mashine ya kunyonya kidonda, ni kweli inaponya?" Kazi yangu ni vidonda, kwa hiyo sina pa kujificha. Na jibu langu huwaudhi watu, maana huwa nasema: inategemea unailinganisha na nini. Leo nimekuja kuwaeleza kwa nini najibu hivyo.

Tuanze na kidonda chenyewe. Mtu akipasuliwa, kwa kawaida daktari hushona akamaliza. Lakini si kila mara. Kuna kidonda kinachoachwa wazi kwa makusudi, kwa sababu ndani kuna usaha, na ukikishona umeufungia ugonjwa humo humo. Kuna kilichoshonwa vizuri kikaachia nyuzi baadaye: mama aliyejifungua kwa upasuaji, akaruhusiwa kwenda nyumbani, akaamka siku moja nguo imelowa. Kuna mwenye kisukari aliyekatwa kidole cha mguu. Kuna kijana wa boda boda aliyevunjika mguu, mfupa ukachungulia nje. Vidonda hivi hupona kutoka chini kuja juu. Nyama mpya nyekundu inajaza shimo, kisha ngozi inatambaa kutoka ukingoni mpaka ikutane katikati. Ni kazi ya wiki nyingi, mara nyingi miezi.

Na katika miezi hiyo nani analisha nyumba? Mvuvi hawezi kuingia ziwani. Mama anayekaanga samaki Dunga hawezi kusimama mbele ya jiko kutwa nzima na tumbo lililo wazi. Kila baada ya siku moja au mbili ni nauli ya kwenda zahanati, ni kupanga foleni, ni kuambiwa shashi imekwisha, kanunue pale ng'ambo ya barabara. Ninyi wahamasishaji mnayajua haya kuliko sisi wa wodini, maana mnaingia ndani ya nyumba na mnaisikia harufu. Kwa hiyo mtu akija na mashine akasema itakimaliza kidonda haraka, simlaumu anayemwamini.

Sasa nieleze inavyofungwa, polepole, kwa sababu wengi wenu mmeisikia tu. Kidonda kinaoshwa na nyama iliyokufa inaondolewa. Inachukuliwa sponji nyeusi, laini, yenye vitundu, inakatwa kwa mkasi ifuate umbo la shimo. Haikatiwi juu ya kidonda, la sivyo vipande vidogo vitadondokea ndani. Inawekwa shimoni. Juu yake inabandikwa karatasi ya plastiki inayonata, ishike ngozi nzima pande zote. Katikati unatoboa tundu, unabandika mrija, mrija unaingia kwenye chupa, chupa inakaa kwenye mashine. Ukiwasha, sponji inanywea na kukakamaa mbele ya macho yako, na maji ya kidonda yanaanza kusafiri ndani ya mrija. Kipimo kinachotumika sana ni milimita 125 za zebaki chini ya hewa ya kawaida. Ukisikia mluzi mdogo, ujue hewa inapenya mahali. Unatafuta kwa kidole na kuongeza plastiki. Baada ya saa 48 hadi 72 unafungua na kuanza upya.

Kuna jambo dogo hapa ambalo napenda jamaa za wagonjwa walishike. Muuguzi makini huhesabu vipande vya sponji alivyoweka ndani, kisha huandika hesabu hiyo kwa kalamu juu ya ile plastiki, kwamba humu kuna viwili, au vitatu, ili atakayefungua keshokutwa atoe vyote. Kipande kikisahauliwa, nyama itaota kukizunguka na usaha utaanzia ndani. Ukimwona mgonjwa wako ana mashine na plastiki haina maandishi, uliza. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Wazo lenyewe halikuanza juzi. Madaktari wa Kisovieti walikuwa wakiandika juu ya kunyonya vidonda vyenye usaha katika miaka ya 1980 (ninyi mnaoiita hospitali yetu ya rufaa Russia mnaweza kujidai kidogo). Ujerumani, Fleischmann na wenzake walichapisha matokeo yao 1993. Kisha Argenta na Morykwas wa North Carolina, Marekani, wakachapisha 1997 habari za nguruwe na za wagonjwa wao: damu inafika kidondoni kwa wingi zaidi, nyama mpya inaota upesi. Kutoka hapo mashine ikaenea dunia nzima.

Na inaeleweka kwa nini. Ina taa. Inanguruma kidogo, mgonjwa anajua kuna kinachofanyika. Kidonda kimefunikwa, shuka halilowi, mgeni anaweza kukaa kitandani bila kuziba pua. Mimi mwenyewe naipenda siku ambayo wodi imefurika, kwa sababu mtu niliyekuwa nimfunge kila siku sasa namfunga mara 3 kwa wiki.

Lakini kupendwa na wauguzi ni jambo moja. Kuponya upesi kuliko njia nyingine ni jambo lingine kabisa.

Nitawapa kisa. Hospitali siitaji. Wanaume wawili, vitanda vimepakana, wote tumbo lilipasuliwa na kidonda kikaachia. Wa kwanza ni mzee. Watoto wake walichanga, wakauza ng'ombe wa maziwa, wakakodi mashine, wakawa wanailipia kwa siku. Wa pili ni kijana ambaye kwao hakukuwa na ng'ombe wa kuuza. Huyo alioshwa kidonda kwa maji ya chumvi yaliyo safi, akafungwa shashi, kila siku, na muuguzi mmoja mwenye mkono mwepesi ambaye hakuruka hata Jumapili. Wote wawili walipona. Familia ya mzee mpaka leo inaapa ni mashine. Mama wa kijana anaapa ni maombi. Nani mkweli?

Nawauliza, nani mkweli?

(Hapa mama mmoja wa nyuma alisema "Nyasaye," yaani Mungu, na ukumbi mzima ukacheka.)

Mama, sikupingi. Lakini mimi muuguzi siwezi kujua kwa watu wawili. Mmoja ni mzee, mwingine ni kijana. Mmoja labda ana sukari, mwingine hana. Mmoja analetewa omena na mayai kutoka nyumbani, mwingine anakula cha wodini. Na ukinipa mimi nichague nani apate mashine, nitampa yule ninayemwona atapona, au yule ambaye familia yake inalia sana, na mwisho wa mwaka nitawaambia mashine ni nzuri kumbe nilichagua wagonjwa wazuri. Mkulima wa Ahero akitaka kujua kama mbegu mpya ya mpunga inashinda ya zamani, hapandi mpya kando ya mfereji na ya zamani pale kusikofika maji. Anagawa shamba lile lile, anapanda siku ile ile, kisha anasubiri mavuno. Kwa binadamu, wasiofanana hata wakiwa pacha, njia ya kugawa kwa haki ni kupiga kura. Bahasha au kompyuta iamue nani apate mashine na nani apate shashi. Wala si mimi, wala si daktari, wala si muuzaji.

Najua mtasema: Sista, unataka kucheza kamari na mwili wangu?

Basi niwakumbushe mji wenu wenyewe. Kisumu hii imewahi kukubali kura ya namna hiyo, na dunia nzima ikasoma matokeo. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba jamii zinazotahiri wanaume zina maambukizi machache ya virusi vya UKIMWI. Lakini je, ni tohara? Au ni dini? Au ni desturi za ndoa? Watu walibishana miaka na mikaka. Kuanzia 2002 vijana 2,784 wa hapa, wenye umri wa miaka 18 hadi 24, walikubali kugawanywa kwa kura: hawa watahiriwe sasa, hawa wangoje miaka 2. Nanyi mnajua hapa ni wapi. Mila ya Mjaluo ilikuwa kung'oa meno 6 ya chini. Kutahiri ilikuwa ya jirani. Kwa hiyo si jambo dogo vijana wale walilokubali. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana: walioambukizwa katika kundi lililotahiriwa walikuwa 22, katika kundi lililongoja walikuwa 47. Matokeo yalichapishwa 2007 na waliokuwa wakingoja nao wakapewa nafasi. Mwaka uliofuata Kenya ikaanza mpango wa tohara ya hiari. Kama kuna baba humu ndani aliyekuwa miongoni mwa wale vijana, na simtaki asimame, mimi nampigia makofi.

Kura ile ilithibitisha kitu kilichofikiriwa kuwa kizuri. Ila kura haina urafiki. Wakati mwingine inaangusha kitu ambacho kila mtu alikuwa na hakika nacho.

Watoto wanaoletwa hospitali wakiwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, damu haizunguki vizuri: vitabu vilisema wapewe maji mengi ya mishipani kwa haraka. Ilionekana akili ya kawaida. Nani angepinga? Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi walilijaribu hilo kwa watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Katika saa 48 za kwanza, kati ya waliopewa maji ya haraka walifariki karibu watoto 11 kwa kila 100. Kati ya wale ambao hawakupewa maji hayo, walifariki 7. Rudieni kuisikia hiyo. Maji ya haraka, yaliyotolewa kwa nia njema na watu waliosoma, yaliongeza vifo. Matokeo hayo yalitoka 2011, na yalitoka kwetu, kwa watoto wetu, katika wodi zetu. Yangeendelea kukaa kwenye vitabu kama si kura.

Haya. Na mashine yetu ya kunyonya, imepigiwa kura?

Imepigiwa. Uingereza walichukua watu 460 waliovunjika mguu vibaya, mfupa ukiwa umetoboa ngozi, majeraha ya aina ile ile tunayoletewa kutoka barabarani hapa kila Ijumaa usiku. Nusu wakafungwa mashine, nusu bendeji ya kawaida. Mwaka mzima baadaye, uwezo wa kutembea na kufanya kazi haukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Maambukizi ya ndani, hali kadhalika. Hayo yalichapishwa 2018.

Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji walijaribu kwa vidonda vya tumbo vilivyoachia baada ya upasuaji, matokeo yakatoka 2020. Hapo mashine ilishinda, lakini mngojee niwaambie kwa kiasi gani: wastani wa siku 36 dhidi ya siku 39. Siku 3. Na waliofungwa mashine walipata matatizo mengi zaidi kidondoni na kwenye ngozi inayokizunguka.

Kisha 2025 likatoka jaribio kubwa la Uingereza lililohusu hasa vidonda vya upasuaji vilivyoachwa wazi. Watu 686, wengi wao wenye kisukari, wengi vidonda vikiwa mguuni. Haikuonekana kwamba mashine inaponya upesi kuliko kufunga kwa kawaida. Katika makundi yote mawili, ilichukua kama miezi 6 kwa nusu ya wagonjwa kupona.

Miezi 6, ndugu zangu. Kwa mashine na bila mashine.

Je, nasema mashine ni takataka? Sisemi. Kuna kidonda kinachotoa maji mengi kiasi kwamba hakuna shashi inayotosha. Kuna kidonda kinachotayarishwa kwa kupandikizwa ngozi. Kuna tumbo ambalo madaktari wameliacha wazi kwa siku chache wakitarajia kurudi ndani. Huko ina kazi yake. Ninachosema ni kwamba ahadi ya kuponya upesi, ile inayomfanya mtu auze ng'ombe, ilipopimwa haikusimama imara.

Na hapo sasa ndipo mtu mwerevu anainua mkono: "Sista, hao ni Wazungu. Wanapata muuguzi nyumbani, maji ya moto bombani, shashi haiishi. Wewe unajuaje kwetu itakuwa hivyo hivyo?"

Sijui! Na ndiyo maana niko hapa. Huenda kwetu mashine ikasaidia zaidi, kwa sababu vidonda vyetu vinafika vimechelewa na vimechafuka, na kwa sababu kufungua mara 3 kwa wiki kunapunguza nauli na foleni. Huenda pia msaada wake ukapungua, kwa sababu ya stima. Mashine hii ikizimika, ile sponji iliyofungiwa ndani ya plastiki inageuka kuwa kitalu cha vijidudu. Maelekezo ya watengenezaji ni kwamba ikikaa zaidi ya saa 2 bila kunyonya, ifunguliwe na kidonda kifungwe kwa njia ya kawaida. Betri zipo, lakini betri ya mashine iliyokwisha kukodishwa na watu wengi mnaijua wenyewe. Stima ikipotea Nyalenda saa tatu usiku, nani atafungua?

Wapo waliojaribu kulikwepa tatizo hilo. Danielle Zurovcik, alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT, alibuni pampu ya plastiki isiyotumia umeme kabisa. Unaiminya kwa mkono, nayo inavuta polepole inapojikunjua. Ilipelekwa Haiti baada ya tetemeko la 2010. Hospitali nyingine hutumia mashine ya kunyonya iliyopo ukutani wodini, au pampu ya tangi la samaki iliyogeuzwa. Mimi sina ubishi na ubunifu. Lakini pampu ya tangi la samaki nayo ipigiwe kura, kama ile ya bei ghali. Umaskini wa kifaa hauondoi wajibu wa kukipima.

Sasa, tukijaribu hapa magharibi mwa Kenya, tujaribu vipi? Hapa nitakaa kidogo, mwenyekiti anisamehe.

La kwanza linalonikera ni mashindano ya hila. Ukimchukua mgonjwa wa mashine ukampa muuguzi, dawa ya maumivu, chakula na kuangaliwa kila asubuhi, halafu mgonjwa wa shashi ukamwacha na bendeji ya juzi inayonata kwenye nyama, mashine itashinda. Lazima ishinde. Umeilinganisha na uzembe. Jaribio la haki linampa wa shashi shashi ya kutosha, maji safi, dawa ya kupunguza maumivu kabla ya kufunguliwa, na mkono ule ule mwepesi. Na nawaambia siri ya wodini: mara nyingi kinachoponya si mashine, ni kwamba mashine inamlazimisha mtu kuja kukitazama kidonda.

Halafu tunapima nini? Muuzaji atataka tupime ukubwa wa shimo baada ya wiki 2, kwa sababu hapo mashine hupendeza. Mgonjwa hataki shimo dogo. Mgonjwa anataka ngozi imefunga, maji hayatoki, arudi kazini. Kidonda hakimalizi safari yake wodini, kinaimalizia Kondele, kinaimalizia Seme, kinaimalizia kwenye nyumba ambayo gari la hospitali halifiki mvua ikinyesha. Kwa hiyo jaribio linaloishia mlangoni mwa hospitali halijajaribu kitu. Ni ninyi, wahamasishaji wa afya ya jamii, mtakaojua kama kimefunga au la. Na anayeamua kama kimefunga asiwe anajua mgonjwa alifungwa nini. Apewe picha tu, bila jina, bila habari ya mashine, maana jicho huona kile moyo unachotaka.

Pia tupime fedha, na si fedha za hospitali peke yake. Nauli. Siku za kazi zilizopotea. Mtoto aliyetolewa shule amwangalie baba. Hayo hayaonekani kwenye risiti, ilhali ndiyo yanayomaliza boma.

Na matokeo yachapishwe, yawe matamu au machungu. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliyafuatilia majaribio ya mashine hii yaliyokuwa yameanzishwa, wakakuta kadhaa yalimalizika au yalikatizwa na matokeo hayakutolewa popote. Wagonjwa wale walitoa miili yao, walitoa muda wao, na jibu likafungiwa kabatini. Ndiyo maana jaribio husajiliwa kabla halijaanza. Afrika tuna sajili yetu, iko Cape Town; mtu akija kwenu na jaribio, muulize limesajiliwa wapi na kwa nambari gani. Muulize kamati ya maadili iliyolipitisha ni ya wapi. Muulize leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa inayoruhusu utafiti. Mtafiti wa kweli hatakasirika, atafurahi kuulizwa.

Muulize pia: nikikataa, nitaendelea kutibiwa? Jibu ni ndiyo, na liwe limeandikwa. Nikianza kisha nikabadili nia? Unaondoka, hudaiwi. Nikidhurika, nani analipa? Hilo likikosa jibu la jina na simu, weka kalamu chini. Na fomu isomwe kwa lugha unayoiota usiku. Kama ni Dholuo, iwe Dholuo; kama ni Kiluhya cha Bunyore, atafutwe Mnyore.

Kabla sijaketi, kisa kimoja cha mwisho, na hiki nakipenda kupita vyote, kwa sababu hakina mashine ndani yake. Watafiti walijiuliza: daktari akimaliza kazi ndani ya tumbo, kabla hajashona, itakuwaje kama timu nzima itabadilisha glavu na kuchukua vifaa vingine safi? Basi. Glavu mpya, mkasi mpya, kisha ushone. Waliijaribu katika hospitali 81 za nchi 7, Rwanda jirani yetu ikiwemo, pamoja na Nigeria, Ghana, Benin na Afrika Kusini. Wagonjwa 13,301. Vidonda vilivyopata maambukizi vilishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Ilichapishwa 2022. Hesabuni wenyewe: katika kila watu 100 wanaopasuliwa tumbo, karibu 3 hawatakutana nami kabisa. Kidonda hakitaachia, sponji haitahitajika, na mimi nitakosa kazi kwa furaha. Nani aliwahi kuwaletea kalenda na kalamu za bure akitangaza kubadilisha glavu? Hayupo. Hakuna anayetajirika nayo.

Nimemaliza, mwenyekiti. Erokamano. Asanteni sana.

(Swali moja lililoulizwa naliongeza hapa, kwa sababu watu 3 wamenipigia simu kuliuliza tena. Mzee mmoja alisema ameonyeshwa mashine ndogo mjini ya kubeba begani, anaweza kuinunua akamfunge mkewe nyumbani, je afanye hivyo? Nilimwambia kwanza anieleze kama mama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Akasema anatumia. Mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, ilitoa onyo 2009 na tena 2011: kufikia hapo ilikuwa imepokea taarifa za vifo 12 na majeraha 174 vilivyohusishwa na mashine hizi tangu 2007. Katika onyo la kwanza, hatari kubwa ilikuwa kutokwa damu, na wengi wa waliofariki hawakuwa hospitali, walikuwa nyumbani au katika makao ya kulelea wagonjwa. Damu ikianza kujaa chupani mashine izimwe, kidonda kikandamizwe kwa nguvu, sponji isivutwe, na msaada uitwe pale pale. Akauliza ni nani atakayeitwa saa nane za usiku. Nikamwambia hilo akamuulize anayemuuzia, na arudi aniambie amejibiwa nini kabla hajatoa hata shilingi.)